Mume wangu anasema namdekeza mtoto asiyemaliza chakula

Bwana Yesu asifiwe, mama. Shikamoo.

Nina watoto wawili, mvulana wa miaka 7 na msichana wa miaka 4. Tunaishi na mama mkwe wangu, mtu mwema anayenisaidia mengi, na sipendi barua hii isomeke kama mashtaka dhidi yake. Nyumba yetu ni ya maombi. Kila jioni tukishakula tunaimba, tunasoma neno, tunaomba, ndipo watoto wanakwenda kulala.

Shida ni chakula chenyewe. Mkubwa anakula chochote. Mdogo, tangu alipotimiza miaka mitatu hivi, amekuwa mgumu. Maharage yaliyochemshwa tu anakula, lakini nikiyaunga akaona kipande cha kitunguu, anasukuma sahani. Karoti ndiyo hataki hata kuiona. Wali anakula mweupe, mchuzi ukiugusa basi, umeharibika. Mume wangu hurudi saa moja na nusu, kwa hiyo tunakula saa mbili. Ili mtoto asisumbuliwe na njaa, bibi yake humpa kikombe cha maziwa na biskuti kwenye saa kumi na moja, wakati mwingine na saa kumi na mbili na nusu anapolia.

Wiki iliyopita baba yake alisema hakuna atakayeondoka mezani mpaka sahani yake iwe tupu. Mtoto akaweka karoti mdomoni, shavu likavimba, hatafuni wala hatemi. Tukasubiri. Kaka yake akaanza kusinzia. Mwishowe tukaanza ibada yeye bado anacho kile kipande shavuni, na tulipokuwa katikati ya Baba Yetu akatapika pale pale mezani. Mume wangu hakusema neno wakati ule. Baadaye chumbani akaniambia, "Hayo ndiyo matunda ya malezi yako ya upole."

Ni kweli nimekuwa nikijifunza kulea bila kupiga wala kufoka. Yeye anasema huko ni kudekeza, na ananikumbusha Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe. Mama mkwe naye humwambia mtoto kwamba Mungu hapendi watoto wanaobakiza chakula. Juzi nikimfunika shuka akaniuliza, "Mama, Mungu ameninunia?"

Tangu usiku ule wa kutapika, watu wakishalala namchemshia yai. Analila lote, anataka na lingine. Baba yake hajui.

Nifanyeje? Naweza kuwa mpole kwa mwanangu bila kumpinga mume wangu? Na je, nimpikie chakula chake peke yake?

Mama Wawili

*

Marahaba, mwanangu. Amina.

Naanza na mwisho wa barua yako, kwa sababu ya karoti yanaweza kungoja na hili haliwezi. Mtoto wa miaka minne amekuuliza kama Mungu amemnunia, na hukuniandikia ulimjibu nini. Leo, kabla hajalala, mjibu wazi: "Hapana, Mungu hajakununia. Anakupenda ukiwa umekula na ukiwa hujala." Usiongeze "lakini". Usimalizie kwa "ila angefurahi ungekula mboga". Mtoto wa umri huo husikia lile la mwisho na kulala nalo.

Sisi watu wa kanisa tuna tabia ya kumgeuza Mungu askari wa nyumbani. Tukichoka kusema wenyewe, tunamtaja Yeye. Mtoto hagawi mambo kama sisi, hili la dhambi na lile la meza. Kwake kinachokatazwa kwa jina la Mungu ni kimoja, na akiona kitunguu kinamtoa machoni pa Mungu, siku atakapokuwa na jambo zito hasa la kupeleka kwa Mungu atasita.

Mama mkwe wako hana nia mbaya, namwelewa sana. Anachopigania ni chakula kisipotee, na hapo ana haki kabisa. Basi mpe Maandiko yanayomuunga mkono. Soma naye Yohana 6, pale Yesu anapolisha watu elfu tano. Walikula wakashiba, na chakula kikabaki. Hakuwaambia warudi wamalize. Aliwaambia wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu, vikajaa vikapu 12. Tazama alivyoyagawa mambo: watu wale kadiri ya shibe yao, na masalio yatunzwe. Nyumbani kwako maana yake ni kwamba mtoto apakuliwe kidogo, vijiko viwili tu, aongezwe akiomba, na kinachobaki kifunikwe kiliwe kesho. Ukimkabidhi bibi kazi ya kutunza masalio, utakuwa umeheshimu kile anachokijali.

Sasa tuingie jikoni. Nilipofika kwenye maziwa na biskuti nilirudi nyuma nikasoma tena. Hesabu nami. Saa kumi na moja kikombe na biskuti. Siku nyingine tena saa kumi na mbili na nusu. Chakula saa mbili. Halafu yai saa tatu na kitu. Mtoto huyu hana mgomo wa chakula, mwanangu, anakula vizuri tu, ila saa ile mnayotaka nyinyi ale ndiyo saa ambayo ameshiba na amechoka. Zaidi ya hapo amejua kwamba akivumilia kelele za mezani, kuna yai la moto linakuja mama akiwa peke yake, bila kaka, bila karipio. Hata mimi ningevumilia.

Maziwa ni mazuri, lakini yanashibisha haraka na hayana madini ya chuma ya kutosha. Mtoto anayekunywa mengi huacha maharage na mboga, ambako madini hayo yapo. Kwa hiyo kikombe cha pili kiondoke. Kile cha kwanza kisogezwe saa kumi, kiwe kidogo, na badala ya biskuti awekewe kipande cha tunda. Baada ya hapo maji tu mpaka chakula. Bibi aendelee kumpa yeye mwenyewe, usimnyang'anye. Na neno hili kwa bibi lisemwe na mumeo, si na wewe, kwa maana yule ni mama yake.

Saa mbili nayo ni usiku kwa mtoto wa miaka minne. Najua unataka mle pamoja na baba, na ni tamaa njema. Lakini kama hawezi kurudi mapema, siku za kazi walishe watoto saa kumi na mbili na nusu ukiwa umeketi nao, na baba akifika wakae naye mezani na kipande cha tunda huku yeye anakula. Siku za mapumziko mle wote pamoja. Familia haivunjiki kwa hilo.

Yai la usiku liache, ila si kwa ghafla ya kumkomoa. Mwambie mchana, "Kuanzia leo yai tutakula mezani, pamoja na wote." Kisha litokee kweli mezani, kwa watu wote, mara moja moja. Siri hiyo pia inakula kati yako na mumeo. Siku atakapoigundua hataona yai, ataona umemzunguka.

Unauliza kama umpikie chakula chake. Usimpikie. Pika chungu kimoja, ila hakikisha mezani hapakosi kitu kimoja anachokula bila vita. Wali mweupe unatosha. Mchuzi ukae kwenye bakuli lake, kila mtu ajimiminie. Kitunguu kinachomkera kikune badala ya kukikata, ukikaange taratibu na nyanya mpaka viyeyuke visionekane, ndipo umimine maharage. Ladha inabaki, vipande vinaondoka. Na karoti, wewe unazichemsha pamoja na maharage tangu mwanzo, sivyo? Zikikaa humo saa nzima zinakuwa laini na telezi, na kwa watoto wengi kinachokataliwa ni huo utelezi, wala si ladha. Jaribu kuzikata vijiti vyembamba, uzigeuze kwenye mafuta kidogo dakika chache zibaki na ugumu wa kutafunika, uziweke kwenye sahani ya katikati. Usimpakulie. Usizitaje.

Mwingize jikoni pia. Mtoto wa miaka minne anaweza kuosha majani ya mboga, kuyachana kwa vidole, kuponda viazi, kuchambua maharage ukiwa umekaa kando yake. Atachafua, na utachelewa dakika 20. Lakini karoti aliyoisugua mwenyewe si ngeni tena kwake, na ugeni ndio shida yenyewe. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi hupita kipindi cha kuogopa vyakula wasivyovizoea, hata vile walivyokuwa wakila wakiwa wachanga. Wanaofuatilia lishe ya watoto wameona kwamba huenda chakula kikahitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajakikubali. Wazazi wengi tunakata tamaa mara ya tatu.

Kuna jambo jingine ambalo laiti kina bibi wote wangeambiwa. Katika mwaka wa kwanza mtoto hufikia karibu mara tatu ya uzito aliozaliwa nao. Akishapita miaka miwili huongeza takriban kilo 2 tu kwa mwaka. Mwili ukipunguza mwendo wa kukua, hamu ya kula nayo hupungua. Kwa hiyo ukimlinganisha na alivyokuwa akila zamani utaona amekuwa mkaidi, kumbe mahitaji yake ndiyo yamebadilika. Na kumlinganisha na kaka yake wa miaka saba ndiyo kabisa. Zile sifa za "mwone mwenzako amemaliza" zikome, zinamuumiza huyu na kumfanya yule ale asichokihitaji.

Sasa mumeo, na lile la fimbo.

Hofu yake isichekwe. Anaogopa kulea mtoto asiyejua mipaka, na Biblia inaogopa hivyo hivyo. Eli alikuwa kuhani mpole. Aliwasemesha wanawe kwa maneno, lakini 1 Samweli 3:13 inasema hukumu ilikuja kwa sababu hakuwazuia. Upole usiojua kuzuia si ule unaotajwa katika Wagalatia 5, ambako upole umewekwa bega kwa bega na kiasi. Kwa hiyo mwambie mumeo kwamba mnakubaliana: mtoto lazima arudiwe, yaani atiwe adabu. Mnachotofautiana ni arudiwe kwa jambo gani, na kwa namna gani.

Utii unadaiwa kwenye mambo ambayo mtoto anaweza kuyatii. Kuja mezani anapoitwa, anaweza. Kunawa mikono, kukaa mpaka wengine wafike mahali pazuri, kutotupa chakula, kutosema "kinanuka" mbele ya aliyepika, yote hayo anayaweza, na hapo kuwa imara kabisa. Akirusha kijiko, mezani ametoka, na chakula kinafunikwa mpaka wakati mwingine wa kula. Bila kufoka, bila hotuba. Lakini kumeza si utii. Koo likigoma limegoma, hata mtu mzima huwezi kumwamuru ameze kitu kinachomkereketa. Yule mtoto alipokaa na karoti shavuni alikuwa anatii kwa nguvu zote alizokuwa nazo: hakuitema. Mwili ndio ulioshindwa. Kumwadhibu kwa kutapika ni kumwadhibu kwa kutii.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliugawa wajibu huu kwa namna ambayo nimeona ikituliza meza nyingi: mzazi huamua kipikwe nini, kiliwe saa ngapi na wapi, mtoto huamua ale kiasi gani, na hata kama atakula. Mumeo atasema huo ni uzungu. Mwachie neno hilo, kisha mwambie matokeo tu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanywa na watafiti wa hukohuko, Leann Birch akiwa mmojawapo, kwa watoto wa shule ya awali waliopewa supu. Walipokuwa wakisukumwa wamalize, walikula kidogo zaidi kuliko walipoachwa, na wakaisema vibaya supu ile. Kama lengo la baba ni mtoto ale, basi kulazimisha kunamwangusha yeye mwenyewe.

Kuhusu Mithali 13:24, sitakuambia umfundishe mumeo Maandiko. Mwombe tu msome pamoja mstari huo na Waefeso 6:4, ule unaowataja akina baba kwa jina: "msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Paulo hakufuta adabu. Aliweka mpaka kwa mwenye nguvu. Mumeo ni mtu wa maombi, ataona mwenyewe kwamba usiku ule mtoto alichokozwa. Na mimi kwa upande wangu nasema bila kuzunguka, kwa chakula asipigwe, si fimbo, si kofi la mkono. Mtoto anayekula huku anatazama mkono wa mtu hasikilizi tena tumbo lake.

Chagua saa ya kuzungumza. Si mezani, si mbele ya watoto, si mbele ya mama yake, na asiwe na njaa. Eliya alipokuwa amekata tamaa chini ya mretemu, malaika alimlisha mara mbili na akalala katikati, mazungumzo na Bwana yakaja baadaye. Mpe mumeo utaratibu huo huo. Ameshakula, amepumzika, ndipo useme: "Baba, nataka tujaribu kitu kwa mwezi mmoja, mimi na wewe tukiwa upande mmoja. Wewe ushike nidhamu ya kukaa mezani. Mimi nishike kinachopikwa. Hakuna atakayemwambia mtoto neno kuhusu kiasi alichokula." Umeniuliza kama unaweza kuwa mpole bila kumpinga mumeo. Kumweleza waziwazi chumbani si kumpinga. Kuchemsha yai gizani kulikuwa karibu zaidi na kumpinga.

Ukimpa kazi mahususi ataishika. Akina baba wengi hufoka mezani kwa sababu hawajui kazi yao pale ni ipi zaidi ya kufoka.

Na ibada yenu. Isiachwe, ila ipunguzwe na isogezwe. Mtoto wa miaka minne aliyekaa kitini tangu saa mbili hana tena masikio saa tatu kasoro. Imbeni wimbo mmoja kabla ya kula, yeye ndiye auchague, na baba aombe kwa sentensi tatu. Neno lisomwe kitandani, mistari michache, dakika tano zinatosha. Sala ndefu wazee mnaweza kuzifanya watoto wakishalala, na bibi atafurahi kwa sababu hakuna atakayemkatiza. Kwa muda, Baba Yetu iombeni mahali pengine, mbali na ile meza. Mtoto aliyetapika katikati ya sala anaweza kuufunga uchungu ule na maneno yale, na itamchukua siku kadhaa za kawaida kuusahau.

Msimuahidi keki kwa sharti la kumaliza mboga. Mtajikuta mmemfundisha kwamba mboga ni kodi na keki ndiyo chakula.

Wiki mbili za kwanza zitakuwa mbaya. Atakula wali mtupu siku tano mfululizo, bibi atanung'unika, mumeo atakutazama kwa jicho la "nilikuambia". Msirudi nyuma siku ya tano.

Kabla ya yote hayo mpeleke kliniki apimwe uzito na urefu, nenda na kadi yake. Mweleze daktari kile kitunguu, ile karoti na ule mchuzi. Kama hupaliwa mara kwa mara, analalamika maumivu akimeza, amepauka na kuchoka, au vyakula anavyovikubali vinazidi kupungua mwezi hadi mwezi, yaseme yote, maana hayo yanataka uchunguzi, si mapishi. Kama mstari wake kwenye kadi unapanda vizuri, mwonyeshe baba yake kadi hiyo siku ya mazungumzo yenu. Na kama umesimama au unashuka, usiningoje mimi nijibu barua nyingine, muulize daktari hapohapo nini kifuate, na uombe mumeo awepo.